Saini ya baba, usingizi wa mama: nani anamwamulia mtoto mgonjwa?

Na Mwandishi Wetu, Al Khuwair, Muscat

Kuna mjadala katika nyumba za Waswahili wa Al Khuwair ambao hauandikwi magazetini. Unaanza baada ya sala ya isha, chai ya maziwa ikishamiminwa, na aghalabu unaishia kwa watu kununiana. Mjadala wenyewe ni huu: mtoto akitakiwa kupasuliwa, nani anatia saini?

Mwanamke mmoja tunayemfahamu, mzaliwa wa Unguja aliyeishi Muscat zaidi ya miaka kumi na tano, ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengine huku wanauita kwa Kiarabu na wengine wanasema tu "damu". Mtoto huyo amelazwa mara nyingi kuliko alivyosafiri. Akishikwa na maumivu ya mifupa usiku, mama ndiye anayemfunga kanga, ndiye anayeita teksi na ndiye anayelala kwenye kiti cha wodini. Mwaka uliopita madaktari walimwambia kwamba upo uwezekano wa kumponyesha kabisa kwa kumpandikiza uboho, yaani ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa ambayo ndiyo kiwanda cha damu. Ndugu wakapimwa. Dada yake, wa miaka tisa, akaonekana kuwa damu zao zinalingana.

Mama na baba wameachana. Baba anafanya kazi Dubai. Kwa hukumu ya mahakama watoto wanakaa kwa mama, lakini hospitali ikataka saini ya baba. Akapigiwa simu. Hakukataa kwa ukali, wala hakukubali. Alisema, "Mmoja mgonjwa, hiyo kudra ya Mungu. Huyu wa pili mzima. Nani kanipa mimi ruhusa ya kumtoboa mifupa mtoto mzima?"

Bibi mzaa mama alipoisikia kauli hiyo alipandisha. "Hajalala spitali hata usiku mmoja! Leo kalamu yake yeye ndiyo inayongojwa?"

Tumeyasikia yote mawili, na tunakiri kwamba si rahisi kuamua nani kakosea. Bibi ana haki yake. Lakini suala la baba, ukiliondolea ile hasira ya talaka inayolizunguka, ni suala ambalo wanasheria, masheikh na madaktari wa nchi nyingi wamekesha nalo.

Kwanza tuseme sheria ya hapa ilivyo, kwa sababu barazani inasemwa vibaya. Wapo wanaosema kwamba Oman mama hana lake. Wapo pia wanaosema kwamba tangu ije sheria mpya ya watoto baba hana tena nguvu. Kauli zote mbili si kweli.

Sheria ya Hali za Watu Binafsi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 32 ya mwaka 1997, inatenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili chetu huyachanganya katika neno moja la "ulezi". La kwanza ni hadhana, yaani kumtunza mtoto, kumlisha, kumvisha na kukaa naye. Hili wazazi wakiachana huwa zaidi la mama: mtoto wa kiume mpaka afike miaka 7, na wa kike mpaka abaleghe, isipokuwa hakimu akiona maslahi ya mtoto yako vyengine. La pili ni uwalii juu ya nafsi ya mtoto, nao ni wa baba, na baada yake jamaa wa kiumeni kwa utaratibu wao. Sheria inaeleza kwamba hadhana isigongane na haki ya walii. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na mtoto usiku na mchana kwa hukumu halali ya mahakama, na bado karatasi ya nusukaputi ikatafuta jina la mtu aliye mbali.

Mwaka 2014 ikaja Sheria ya Mtoto, Amri ya Kisultani namba 22. Hiyo inasema mtoto ni kila asiyetimiza miaka 18, inampa haki ya afya na matibabu, na inakataza mila zinazoidhuru afya yake. Oman ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa tangu 1996, na sheria hii ni tunda la mkataba ule. Halafu mwaka 2019 ikatoka sheria ya kusimamia kazi ya utabibu, Amri ya Kisultani namba 75, ambayo inataka ridhaa ya mgonjwa, au ya mwakilishi wake ikiwa mwenyewe hana uwezo wa kisheria, na inaacha mlango kwa dharura. Mtoto aliyegongwa na gari hangojewi baba yake ateremke kwenye ndege. Hilo halina mjadala.

Mjadala uko kwenye yale yasiyo ya dharura, yanayoweza kungoja wiki au mwezi lakini hayawezi kungoja miaka. Selimundu ndiyo mfano wake bora.

Na huo si ugonjwa wa mtu mmoja mtaani. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba karibu asilimia 6 ya Waomani wanabeba kinasaba cha selimundu, na kwamba katika kila watu 1,000 wapo kama wawili walio na ugonjwa wenyewe. Watafiti waliochunguza asili ya kinasaba hicho waliandika mwaka 2000 kwamba hapa Oman zimekutana aina tatu: moja ya Afrika Magharibi, moja ya Kiarabu na Kihindi, na moja ya Kibantu. Hii ya tatu haikuja kwa upepo. Imekuja na majahazi, na ndoa, na utumwa, na baadaye na meli na ndege za wale waliokimbia baada ya Januari 1964 na wale walioitwa kurudi baada ya 1970. Historia yetu ya karne mbili imo ndani ya damu ya watoto wa Al Khuwair, na hatusemi hivyo kwa mafumbo.

Upandikizaji wa uboho ulianza hapa mwaka 1994 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kule Al Khoud. Kwa hiyo mama yule hakuambiwa jambo la kupeleka mtoto Ulaya. Aliambiwa jambo lililo mwendo wa nusu saa kwa gari. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana na mwenzake. Akipatikana huyo, na mgonjwa akiwa bado mdogo kabla mwili haujaharibika, zaidi ya watoto 9 katika 10 wanatoka salama. Si wote. Mmoja katika kumi si idadi ndogo ikiwa mmoja huyo ni wako.

Sasa tuzungumze kuhusu ridhaa yenyewe, maana hapa ndipo tunapoona kasoro kubwa kuliko ile ya baba na mama.

Watu wanadhani ridhaa ni saini. Sisi ambao tumehama makwetu kwa sababu ya kalamu tunaijua tofauti. Wengine wetu tumewahi kuwekewa karatasi mezani, katika chumba kisicho na dirisha, tukaambiwa "tia hapa, uende zako nyumbani". Tulitia. Hakuna aliyetuuliza kama tumeridhika. Karatasi ya hospitali haifanani na ile, na anayeileta anataka kheri, lakini mtu asiyeelewa kilichoandikwa mkono wake hutetemeka vile vile.

Chukulia hali ilivyo. Daktari anatoka Kerala au Misri. Muuguzi anatoka Ufilipino. Fomu ina Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Bibi aliyemleta mjukuu amezaliwa Pemba, amerudi Oman akiwa mtu mzima, na Kiarabu chake ni cha sala na cha sokoni. Mama pengine amekuja kwa ndoa na ndiyo kwanza anajifunza. Nani anatafsiri? Anatafsiri mtoto mwenyewe, kwa sababu yeye anasoma skuli ya hapa na Kiarabu kinamtiririka.

Tumeyashuhudia haya zaidi ya mara moja. Mtoto wa miaka kumi au kumi na moja amekaa kitandani, daktari anasema naye, naye anamgeukia bibi yake: "Bibi, anasema watanitoa wengu." "Wakutoe nini?" "Wengu. Iko huku." Bibi anashika kichwa. "Muulize, na mtu bila ya wengu anaishi?" Mtoto anauliza. Daktari anaeleza kwa dakika tatu kwamba wengu likiondolewa mwili unapungukiwa kinga, kwamba itabidi achanjwe chanjo maalumu na anywe dawa kila siku, na kwamba homa yoyote baada ya hapo ni jambo la kukimbilia hospitali. Mtoto anamgeukia bibi na kusema, "Anasema ndiyo, anaishi."

Dakika tatu zimekuwa maneno matatu. Na huyo bibi akitoka pale atampigia simu baba wa mtoto kumweleza alichoambiwa, na baba atatia saini, au hatatia, juu ya maneno matatu hayo.

Mtoto hakudanganya. Amefanya alichokiweza, tena akiwa yeye ndiye mgonjwa, tena akiwa na khofu. Lakini hiyo si ridhaa, na hatujui kwa nini mji wenye Waswahili wengi kiasi hiki, wakiwemo madaktari na wauguzi wanaosema Kiswahili fasaha kabisa, mpaka leo unaacha kazi hii kwa watoto. Muuguzi mmoja, mzaliwa wa Zanzibar, alituambia kwamba huitwa atafsiri mara kwa mara akiwa na zamu yake mwenyewe, naye huenda. "Lakini siku nisipokuwepo," alisema, "sijui nani huitwa." Tunajua. Anaitwa mgonjwa.

Khofu ya wazazi, kwa upande wake, haikuzuka hewani. Mwaka 1996, wakati homa ya uti wa mgongo ilipoingia Kano, kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake iitwayo Trovan kwa watoto wapatao 200. Nusu walipewa dawa hiyo na nusu walipewa dawa iliyokwishazoeleka. Watoto 11 walikufa na wengine wakabaki na ulemavu. Kampuni ilishikilia kwamba maradhi ndiyo yaliyowaua na kwamba wazazi waliridhia kwa maneno. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Mwaka 2009 kampuni ikakubaliana na serikali ya jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Kano hiyo hiyo iligoma chanjo ya polio, na ugonjwa ukasafiri kutoka huko hadi nchi ambazo zilikuwa zimekwishauaga. Watu wa mbali walishangaa ujinga wa watu wa Kano. Wao walikuwa wanakumbuka tu.

Kenya nayo, mwaka 2014, maaskofu wa Kikatoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake na wasichana wakidai ina kitu cha kuzuia uzazi, na serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Ulipozinduliwa mpango wa chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi kwa wasichana, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, maneno yale yale yalirudi katika simu za watu, na yalifika mpaka Al Khuwair. Hatuyaungi mkono. Chanjo hiyo ni kheri kwa mabinti zetu. Lakini mzazi anayeuliza "hii ni nini na ya nini" hajafanya kosa, na afisa wa afya anayemjibu kwa kukunja uso anamsukuma kwenye mikono ya mwenye kumjibu kwa uwongo.

Na tusijifanye malaika. Yapo mambo tunayowafanyia watoto wetu bila ya fomu wala suala. Nani kati yetu hajui mtoto mchanga aliyekatwa kimeo? Mtoto akikohoa usiku, akitapika, asiponenepa, bibi anasema ni kimeo, anaitwa fundi mwenye kisu chake, na nyama ya kooni inakatwa pale pale ukumbini. Madaktari wa Tanzania wamepiga kelele miaka mingi kwamba watoto wanatoka damu hadi wanaishiwa na wanapata maambukizo, na kwamba kikohozi chenyewe mara nyingi ni nimonia iliyotaka dawa. Huku Oman kuna wasam, kuchomwa kwa chuma cha moto kwa ajili ya homa ya manjano, degedege au maumivu ya tumbo, na madaktari wa hapa wamewaona watoto wenye makovu ya duara tumboni. Mzazi yule yule anayemhoji daktari wa upasuaji kwa saa nzima, fundi wa kimeo hamuulizi hata kama kisu amekichemsha.

Basi mamlaka ya mzazi yanaishia wapi?

Jibu ambalo wengi hawalijui limo ndani ya fiqhi yenyewe. Mwezi wa Mei 1992, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu ambayo Oman ni mwanachama wake, lilikaa Jeddah na kupitisha azimio juu ya matibabu. Lilisema kwamba ridhaa ya mgonjwa ni sharti akiwa na uwezo kamili wa kisheria. Akiwa hana, au ana upungufu, huzingatiwa ridhaa ya walii wake, lakini kwa mipaka: walii anafanya lile lenye maslahi kwa anayemsimamia. Kisha likaongeza neno zito. Walii akikataa, na kukataa kwake kukiwa ni dhara iliyo wazi kwa mtoto, kukataa huko hakuhesabiwi, na haki inahamia kwa walii mwengine, kisha kwa mwenye mamlaka ya nchi. Na katika dharura maisha yakiwa khatarini, tiba haingoji ridhaa.

Tulipoyasoma haya barazani mzee mmoja alisema, "Kwa hivyo baba si mwenye mali." Ndiyo, ami. Baba ni mwenye amana.

Waingereza walifika karibu na hapo kwa njia yao. Septemba 2000 mahakama ya rufaa ya London ilishughulikia pacha walioungana, waliozaliwa Manchester kwa wazazi kutoka kisiwa cha Gozo, Malta. Mahakama iliwapa majina ya kuficha, Jodie na Mary. Wasipotenganishwa, madaktari walisema, wote wawili watakufa. Wakitenganishwa, Mary atakufa pale pale na Jodie ataishi. Wazazi, Wakatoliki wenye imani, walikataa: hawawezi kumuua mmoja wamwokoe mwengine, wamwachie Mungu. Hakuna aliyesema kwamba hawawapendi watoto wao. Majaji wakawapita, wakaruhusu operesheni, nayo ikafanywa Novemba mwaka huo kwa saa zipatazo 20. Mary alikufa, Jodie akaishi. Sisi mpaka leo hatuna hakika kama tungekuwa na ujasiri wa majaji wale, na hatuna hakika kama tunautaka.

Lakini ukiondoa mkono wa dola kabisa unapata Shakahola. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi, si mbali na Malindi, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, aliyetuhumiwa kuwaambia wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na ambaye tangu zamani alijulikana kwa kupinga skuli na hospitali. Zaidi ya miili 400 ilitolewa, mingi yake ya watoto. Watoto wale hawakuamua lolote. Waliamuliwa na waliowazaa. Jirani aliyesikia vilio angeambiwa, na pengine aliambiwa, kwamba hayo ni mambo ya baba na familia yake.

Mtoto mwenyewe sasa. Sauti yake iko wapi?

Kwetu jambo hili linachekesha. "Mtoto aulizwe nini?" Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991 na Kenya mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na rai yake apewe nafasi ya kuitoa, na rai hiyo ipewe uzito kwa kadiri ya umri na upevu wake. Haukusema aamue. Umesema asikilizwe. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 1985, pale mama mmoja wa watoto kumi, Bibi Victoria Gillick, alipokwenda mahakamani kuzuia madaktari wasiwape wasichana walio chini ya miaka 16 dawa za kuzuia mimba bila ya mzazi kujua. Alishindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili, na tangu hapo madaktari wa huko humpima mtoto kwa ufahamu wake, si kwa cheti cha kuzaliwa peke yake. Wengi wa wasomaji wetu wanaoishi London, Leicester na Milton Keynes wameshakutana na hili, na wengine walitoka kliniki wakisema wamenyang'anywa watoto.

Nyumbani Afrika Mashariki mlango umefunguliwa kwa pembeni, kupitia kipimo cha Ukimwi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2014 inamruhusu mwenye miaka 12 kuridhia mwenyewe kupimwa. Tanzania Bara ilikuwa inataka miaka 18, mpaka Novemba 2019 Bunge lilipoteremsha hadi 15. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inataka ruhusa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa akiwa ni mjamzito, ameolewa, ni mzazi, au yuko katika mwenendo unaomtia khatarini. Waliopitisha mambo haya hawakuwa wanadharau wazazi. Walikuwa wanajua kwamba kuna binti ambaye akiambiwa "kamlete mzazi" hatarudi tena, na pengine huyo mzazi ndiye sababu.

Turudi kwa yule baba wa Dubai, kwani tulisema suala lake ni la maana.

Kila tulichokisema mpaka hapa ni juu ya mtoto mgonjwa, na kwa mgonjwa kipimo ni kimoja: hii tiba ina kheri naye au haina? Dada wa miaka tisa si mgonjwa. Yeye anatiwa usingizi, anapigwa sindano kwenye mfupa wa nyonga mara nyingi, uboho unatolewa, anaamka na maumivu ya siku kadhaa. Khatari ni ndogo sana, na mwili wake unaujaza uboho huo tena katika muda wa wiki chache. Lakini ndogo si sufuri, na kheri inakwenda kwa mwengine. Mzazi anayetia saini hapo anatia kwa mkono mmoja akiwa na watoto wawili, na mmoja wao analia zaidi.

Jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani iliandika msimamo wake juu ya jambo hili mwaka 2010. Mtoto asichukuliwe uboho ikiwa yupo mtu mzima anayelingana sawasawa na aliye tayari. Pawepo mapenzi ya kweli baina yake na mgonjwa. Kuwe na tamaa ya maana kwamba mgonjwa atafaidika. Madhara yapunguzwe kadiri inavyowezekana. Mzazi aruhusu, na mtoto mwenyewe akubali kwa kadiri anavyoelewa. Na zaidi ya yote, awepo mtu wa kumtetea mtoto mtoaji peke yake, mtu asiyemtibu yule mgonjwa. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2004 ya viungo na nyama za mwili, inataka mtu kama huyo azungumze na mtoto na wazazi kabla ya ruhusa kutoka.

Hilo ndilo tunaloliona sisi kuwa jibu la suala la baba. Hakuwa na sababu ya kukataa, lakini alikuwa na haki ya kuuliza nani anamwangalia huyu mzima. Kama angejibiwa hivyo tangu siku ya mwanzo, kwa lugha yake, na daktari asiyekuwa wa mgonjwa, wasingepoteza miezi. Walipoteza minne. Alichofanya mwishowe ni kuchukua likizo akaja Muscat, akakaa na binti yake peke yao kwenye gari ufukweni, akamuuliza. Mama hakuambiwa kilichosemwa na sisi hatukuuliza. Alitia saini wiki ile.

Hatutaki wengine wapoteze miezi minne, kwa hiyo tunaandika na haya ya kawaida kabisa. Walioachana na wenye watoto wagonjwa wasingoje siku ya operesheni ndipo watafute saini. Baba anayesafiri anaweza kuacha wakala mbele ya katibu wa sheria hapa Oman, ulioandikwa waziwazi kwamba unahusu matibabu ya mtoto, kwa jina la mtoto na jina la mama, kwani wakala wa jumla unaweza kukataliwa dirishani. Aliyeko Zanzibar aanze kwa mwanasheria, karatasi ipite kwa mamlaka za serikali, halafu ubalozi mdogo wa Oman ulioko pale Unguja. Yote hayo huchukua siku, si saa. Na pale ambapo baba hapatikani au anakataa bila ya sababu, mama asikae nyumbani kulia. Aende mahakama ya sheria na ripoti ya daktari mkononi, kwa sababu hakimu ana uwezo wa kuangalia maslahi ya mtoto, na maslahi hayo yanaandikwa na daktari, si na jirani.

Mwenye kwenda hospitali na mtu asiyejua Kiarabu wala Kiingereza, aombe mtafsiri mtu mzima kabla daktari hajaanza kusema. Aombe kwa sauti. Wapo wauguzi wetu wa kutosha katika mji huu wa kukaa pamoja kwa jioni moja na kuiandika fomu ile kwa Kiswahili, kurasa mbili, ikabandikwa nyuma ya ile ya Kiarabu.